Anza kutazama juu: jinsi ya kulisoma kanisa la Kiromaneski

Ukisoma maelezo ya makanisa ya Kiromaneski, yaani yale yaliyojengwa Ulaya Magharibi kati ya mwaka 1000 na 1200 hivi, utakutana na orodha ileile kila mahali: kuta nene, madirisha madogo, matao ya nusu duara, nguzo nzito, minara. Orodha hiyo ni sahihi, ila inamwacha msomaji palepale alipokuwa. Haimwambii kwa nini ukuta uwe mnene, wala kwa nini dirisha liwe dogo. Kazi yangu ni majengo ya kale ya mawe, na wanafunzi huwa nawaambia waanze kutazama juu. Mengi unayoyaona chini yametokana na uamuzi uliofanywa kuhusu dari.

Kabla ya kipindi hicho, makanisa mengi makubwa ya Ulaya Magharibi yaliezekwa kwa mbao. Mbao ni nyepesi, na paa lililofungwa vizuri huelekeza uzito wake chini, si pembeni. Ukuta wa kawaida unalibeba bila shida. Adui wake ni moto: mshumaa, taa ya mafuta, radi. Kanisa la watawa la Vézelay, katika eneo la Burgundy nchini Ufaransa, liliungua vibaya mwaka 1120, na si hilo peke yake. Palikuwa na sababu nyingine pia ambayo vitabu vingi huipitia haraka, nayo ni sauti. Watawa Wabenedikto waliimba zaburi mchana na usiku, na dari ya mawe huirudisha sauti na kuirefusha kwa namna ambayo mbao haiwezi. Aliyewahi kusikia wimbo wa watawa ndani ya jengo la namna hii hahitaji kushawishiwa.

Basi waashi wakaamua kuezeka kwa mawe, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Dari iliyo rahisi kuliko zote ni tao la nusu duara lililoendelezwa kutoka mlangoni hadi altareni, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa juu ya ukumbi. Tuiite dari ya pipa. Mita moja ya ujazo ya jiwe la chokaa ina uzito wa tani mbili hivi, na pengine zaidi. Lakini uzito wenyewe si tatizo kubwa, kwa kuwa jiwe huvumilia sana kukandamizwa. Tatizo ni kwamba tao halitulii. Kila jiwe la juu linataka kushuka, limebanwa na wenzake, kwa hiyo linawasukuma kwenda pembeni. Msukumo huo hupita kutoka jiwe hadi jiwe mpaka ukafika kwenye ukuta, na kazi yake huko ni moja tu: kuulaza ukuta nje. Tena dari ya pipa inasukuma kwenye urefu wote wa ukuta, haichagui mahali.

Sasa orodha ile inaanza kuwa na maana. Ukuta mnene ni uzito uliowekwa makusudi ili usisukumike. Aghalabu ulijengwa kwa nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, na katikati pakajazwa kokoto, vipande vya mawe na chokaa. Chokaa hukauka polepole mno ndani ya ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo jengo liliendelea kujinyoosha na kukaa sawa muda mrefu baada ya mafundi kuondoa kiunzi cha mbao kilichoshikilia mawe ya tao. Ukitoboa dirisha pana juu ya ukuta kama huo, umeondoa uzito mahali unapohitajika zaidi. Ndiyo maana madirisha yakawa machache na membamba. Waashi wakayapanua kwa upande wa ndani, ukingo ukachongwa kwa mshazari, ili mwanga mdogo unaoingia usambae.

Hapa nataka kupinga maelezo yanayorudiwa mno, kwamba makanisa haya yalifanywa ya giza kwa sababu watu wa zama zile walikuwa na hofu na huzuni. Sikubaliani nayo hata kidogo. Kuta tunazoziona leo zikiwa mawe matupu, nyingi zilipakwa lipu, chokaa nyeupe na rangi. Nenda Saint-Savin-sur-Gartempe, magharibi ya Ufaransa. Dari ya pipa ya ukumbi wake ilichorwa mnamo mwaka 1100 kwa visa vya kitabu cha Mwanzo na cha Kutoka: safina ya Nuhu, mnara wa Babeli, Farao akizama baharini. Nguzo zake zimepakwa rangi zikaiga mistari ya marumaru. Shoroba za pembeni, yaani njia ndefu zilizo kando ya ukumbi, zina kimo kinachokaribia cha ukumbi wa kati, hivyo mwanga wa madirisha ya pembeni unafika hadi katikati. Hao si watu waliopenda giza. Walikuwa wanalitafutia ufumbuzi.

Na ufumbuzi ulitofautiana. Huko Conques, kusini mwa Ufaransa, katika kanisa la Sainte-Foy, waliamua kuibana dari kutoka pande zote mbili. Juu ya shoroba za pembeni wakajenga roshani, na roshani hizo wakazifunika kwa nusu ya tao, robo duara, ambayo mgongo wake unaegemea ukuta wa ukumbi mahali hasa msukumo unapofika. Jengo zima linajishikilia lenyewe. Gharama yake ni kwamba ukumbi mkuu hauna madirisha yake juu. Mwanga unaingia kwa kupitia pembeni.

Tournus, katika Burgundy, ndani ya kanisa la Saint-Philibert, fundi mmoja alikuwa na wazo ambalo bado linanishangaza. Badala ya pipa moja refu, aliyapanga mapipa mengi mafupi yakikingama, kila moja limelala kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia. Kila pipa linamsukuma jirani yake, na jirani naye anamsukuma, msukumo unamalizana ndani kwa ndani. Kuta za pembeni hazisukumwi tena, na madirisha yanaweza kukaa juu kabisa, chini ya dari. Kiufundi ni jibu zuri mno. Hata hivyo, waliolifuata ni wachache, na nadhani naelewa sababu: ukisimama mlangoni, jicho lako linakatizwa kila hatua badala ya kuvutwa moja kwa moja hadi altareni.

Wenye fahari kubwa kuliko wote walikuwa watawa wa Cluny, nao wa Burgundy. Kanisa lao la tatu, lililoanzishwa mwaka 1088 chini ya Hugh, abate (mkuu wa monasteri) wao, lilikuwa na dari ya pipa yenye kimo cha karibu mita 30. Walitumia tao lenye ncha kidogo, kwa kuwa tao lenye ncha husukuma pembeni kwa nguvu ndogo kuliko la nusu duara. Pamoja na tahadhari hiyo, mwaka 1125 sehemu ya dari ilianguka. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kanisa hilo lilibomolewa na mawe yake yakauzwa. Leo kimebaki kipande kidogo, hasa mkono wa kusini wa jengo hilo lililokuwa na umbo la msalaba.

Njia nyingine ilikuwa kupitisha mapipa mawili yakatane kwa pembe ya mraba. Mahali yanapokutana panatokea mistari minne inayoshuka kwenye kona nne, na uzito unafuata mistari hiyo. Faida yake ni kubwa: ukuta haubebi tena kwa urefu wake wote, zinabeba nguzo za kona. Speyer, Ujerumani, ndipo pa kwenda kuliona hili. Kanisa kuu lile lilianzishwa na mfalme Konrad II mnamo mwaka 1030 likiwa na dari ya mbao juu ya ukumbi. Mnamo miaka ya 1080 mjukuu wake, Heinrich IV, akaagiza ukumbi ufunikwe kwa mawe, kimo cha mita 33 hivi. Itazame safu ya nguzo na utaisoma hadithi nzima: nguzo moja ni nyembamba kiasi, inayofuata imeongezwa unene kwa mbele, kisha nyembamba tena, kisha nene. Zile nene ndizo zilizovalishwa nyama mpya ili zibebe kona za dari.

Vézelay, ilipojengwa upya baada ya ule moto, ilifuata njia hiyo, na mwanga wake unastahili sifa zote unazopewa. Ila waashi walijiamini kupita kiasi. Matao yao yamebonyea yakapoteza nusu duara, na kuta zimeinama nje. Ukisimama katikati ya ukumbi utaona kwa macho. Msanifu majengo Mfaransa Viollet-le-Duc alipokabidhiwa kulikarabati mwaka 1840 akiwa na umri wa miaka 26, jengo lilikuwa hatarini kuanguka.

Nisiseme kwamba kila kitu kinatokana na dari. Kanisa kuu la Pisa, Italia, lililoanzishwa katika miaka ya 1060 na msanifu Buscheto, halina dari ya mawe juu ya ukumbi wake mkuu, na bado hakuna anayebisha kwamba ni la Kiromaneski. Umbo la sakafu nalo lina sababu zake. Njia inayozunguka nyuma ya altare, yenye vikanisa vidogo kandokando, kama ile ya Saint-Sernin huko Toulouse, ilitengenezwa kwa ajili ya mahujaji wapite kuheshimu masalia ya watakatifu bila kuwakatiza watawa sala zao. Wingi wa minara na vijitao vya mapambo vilivyobandikwa kwenye kuta za nje hutofautiana nchi kwa nchi.

Halafu kuna mlango. Juu ya mlango wa magharibi wa Conques pamechongwa Hukumu ya Mwisho, na mabaki ya rangi yangalipo. Upande mmoja bahili ananing'inia na mfuko wa fedha shingoni. Upande wa pili Mtakatifu Foy, ambaye kanisa lina jina lake, amepiga magoti akiomba, na nyuma yake zimetundikwa pingu za wafungwa walioamini kwamba yeye ndiye aliyewaweka huru. Pembezoni kabisa, kwenye ukingo wa tao la nje, vichwa vidogo vinachungulia nyuma ya utepe wa jiwe, vidole vimeushika. Wengi wanapita bila kuviona. Inua macho uvitafute.

Kwa walio karibu na Zanzibar, kanisa la Mtakatifu Yosefu kule Mji Mkongwe, Minara Miwili kama wenyeji wanavyoliita, lilijengwa na wamishonari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, wakati Ulaya ilipokuwa imeyarudia maumbo haya. Matao yake ya nusu duara ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa ni jengo la zama nyingine.

Mwisho wa njia hii, kwa maoni yangu, ni Durham, kaskazini mwa Uingereza. Msingi uliwekwa mwaka 1093, na ukumbi ukamalizika mwaka 1133. Nguzo zake za mviringo ni kubwa kupita kiasi, zimechongwa mistari ya pembepembe na almasi. Ukizitazama tu, utasema hapa Uromaneski umefika kileleni. Inua macho, na mambo mapya yameshaanza: mbavu za mawe zinakatiza dari kwa mshazari, na matao makubwa yanayovuka ukumbi yana ncha. Juu ya shoroba, chini ya mapaa ambako mwumini haoni, kuna matao mengine yanayoegemeza ukuta. Miaka 11 baadaye, mwaka 1144, sehemu mpya ya altare ya Saint-Denis, karibu na Paris, ilizinduliwa, nayo ndiyo inayohesabiwa mwanzo wa mtindo wa Kigothi. Dari ya kwanza yenye mbavu kule Durham, ile ya juu ya altare, ilipata nyufa na ikabidi ijengwe upya katika karne ya 13. Ile ya ukumbi ingali juu mpaka leo.