Tuhuma za jinai katika wasifu wa mtu aliye hai: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ilimradi kuna chanzo, tuhuma inaandikika.

Hii naikuta kila mara. Mwandishi anaweka tanbihi, anaona kazi imekwisha. Mwaka 1996 bomu lililipuka katika bustani moja mjini Atlanta, Marekani, wakati wa Olimpiki. Mlinzi Richard Jewell, aliyeuona mkoba wenye bomu na kusaidia kuwaondoa watu, siku chache baadaye akatangazwa na vyombo vya habari kuwa ndiye anayechunguzwa. Oktoba mwaka huohuo serikali ikamwandikia kuwa si mlengwa wa uchunguzi. Mlipuaji halisi, Eric Rudolph, alikiri kosa hilo mwaka 2005.

Aliyeandika wasifu wa Jewell mwezi Agosti 1996 angejaza tanbihi ukurasa mzima, na zote zingerudi kwenye minong'ono ya wapelelezi. Magazeti kumi yanayonukuu kauli moja ni chanzo kimoja. Uliza nani amethibitisha mwenyewe.

Dhana: Hati ya mahakama inatosha.

Hati ya mashtaka ni maneno ya upande mmoja, na jina lililomo laweza kuwa la mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana kanuni ya Wikipedia kuhusu watu walio hai inakataza kutumia kumbukumbu za kesi kuthibitisha madai juu ya mtu. Subiri chanzo huru kilichoifuatilia kesi.

Dhana: Ukitia "inadaiwa", umejikinga.

Inadaiwa na nani? Tazama sentensi hii: "Alikamatwa kwa wizi." Msomaji ameshapata mwizi. "Alikamatwa akituhumiwa kuiba" inasema kilichotokea tu. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni hatua tatu mbalimbali, na mtu hahesabiwi kuwa mkosaji mpaka mahakama imtie hatiani. Akiachiwa huru, wasifu useme hivyo palepale tuhuma ilipotajwa, si aya tano mbele.

Dhana: Mtu maarufu aandikwe lolote.

Hapana. Hata kwake vinahitajika vyanzo kadhaa vya kuaminika visivyotegemeana, na kama amekanusha, kanusho liandikwe. Kwa asiye maarufu ambaye hajatiwa hatiani, mimi naiacha tuhuma nje.

Dhana: Iache kwanza, tutajadili.

Mwaka 2005 ukurasa wa Wikipedia juu ya mwanahabari John Seigenthaler ulidai kuwa aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy wa Marekani na ya mdogo wake Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, usio na chanzo, na ulikaa zaidi ya miezi minne. Seigenthaler aliwahi kufanya kazi na Robert Kennedy na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Tuhuma isiyo na chanzo thabiti huondolewa mara moja, mjadala hufuata, na anayetaka kuirudisha ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi.