Kwa nini deni hubadilika mkopeshaji anapobadili mfumo?

Mkopeshaji anapohama kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine, wapo wakopaji wanaoamka na salio tofauti na la jana, ingawa usiku huo hawakukopa wala kulipa kitu. Pale Kibirizi mjini Kigoma, kwa wachuuzi wa dagaa, maelezo huwa tayari: wameniibia. Dirishani kwa afisa mikopo nako maelezo yako tayari: mfumo wa zamani ulikuwa unakosea, huu mpya ndio sahihi, kompyuta haidanganyi.

Maelezo hayo mawili yanapingana, lakini yamezaliwa na imani moja: kwamba deni lina jibu moja tu, limekaa mahali likisubiri kusomwa, kwa hiyo mashine mbili zikitofautiana lazima moja iwe mwongo. Imani hiyo inaeleweka. Kujumlisha ni kujumlisha. 7 na 5 ni 12 Ujiji, ni 12 Kasulu, ni 12 Kibondo. Ila mifumo ya mikopo inapotofautiana, mara nyingi hakuna hata mmoja uliokosea kujumlisha. Kila mmoja umejibu sawasawa swali uliloulizwa, na maswali hayakuwa yaleyale.

Salio ni jibu la hesabu inayopigwa upya kila mara, na hesabu hiyo hufuata kanuni ambazo mkataba wa kurasa mbili aghalabu haukuzitaja: mwezi una siku ngapi, pesa ikiingia inalipa nini kwanza, senti zinakatwa wapi. Mkataba ukinyamaza, anayeamua ni aliyetengeneza programu. Mtu huyo pengine hajawahi hata kuisikia Kigoma. Na afisa mikopo anaposema “mfumo ndio unavyosema”, anasema kweli bila kujua kwamba kuna mtu aliyeupangia useme hivyo.

Tuanze na siku, maana huko kuna vituko. Ipo kanuni ya kibenki ya tangu enzi za hesabu za mkono inayosema kila mwezi una siku 30 na mwaka una siku 360. Ilirahisisha kazi, ikazoeleka, na hadi leo imo ndani ya programu nyingi. Kwa kanuni hiyo Februari hutozwa siku ambazo kalenda haikuipa. Mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 36 kwa mwaka huzaa 90,000 kila mwezi, iwe Januari au Februari. Mfumo mwingine huhesabu siku zilivyo na kugawa kwa 365: Januari inakuwa 91,726 na Februari ya siku 28 inakuwa 82,849. Wa tatu huhesabu siku zilivyo lakini hugawa kwa 360, na mwaka ukiisha bila deni la msingi, yaani pesa yenyewe iliyokopwa, kupungua, riba imefika 1,095,000 badala ya 1,080,000. Hizo 15,000 ni bei ya siku tano zilizoachwa upande mmoja wa hesabu na kuhesabiwa upande wa pili. Kanuni zote tatu zinatumika duniani na zina watetezi wake.

Kwa Kigoma jambo hili lina uzito wa peke yake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa nyakati za giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Pesa nazo hufuata mwezi wa angani, ambao ni siku 29 na nusu hivi, na miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354. Anayepeleka rejesho kila giza linapoisha anaitangulia kalenda kidogokidogo. Mfumo unaohesabu siku humpunguzia riba kwa kuwahi kwake. Unaohesabu miezi haumpi chochote. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mfumo usio na pa kuandika mapumziko kama hayo huisoma miezi hiyo mitatu kuwa ni uzembe wa mkopaji.

Kituko kingine kiko kwenye Excel, programu ya majedwali ya Microsoft, ambako wakopeshaji wadogo wengi huanzia. Excel hutunza tarehe kama namba, ikianza na 1 kwa tarehe 1 Januari 1900, na inaamini kwa dhati kwamba kulikuwa na 29 Februari 1900. Siku hiyo haikuwepo. Kosa lilikuwa ndani ya Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, na Microsoft wakaliiga kwa makusudi ili majedwali ya Lotus yafunguke bila kubadilika. Excel za zamani za kompyuta za Mac zilianza kuhesabu 1904, hivyo namba zake zinapishana na za wengine kwa siku 1,462. Tarehe zikihamishwa kama namba tupu, mkopo unaweza kusogea siku moja, au miaka minne na siku moja. Huu wa pili mtu yeyote anauona. Ule wa siku moja hauonekani, na kama tarehe zote zimesogea pamoja haudhuru sana. Hudhuru pale za zamani zinaposogea na za malipo mapya zikabaki palepale.

Lakini kanuni inayofanya kazi kimyakimya kuliko zote ni mpangilio wa malipo. Rejesho linapoingia, mfumo hulikata: faini ya kuchelewa, riba iliyokwisha kutozwa, deni la msingi. Swali ni kipi kinaanza.

Chukua shamba la mahindi lililoingiliwa na magugu. Upande mmoja yamesimama mabichi, yana mbegu, na mvua ikinyesha yataongezeka. Upande wa pili yamekwisha kufyekwa, yamelundikana makavu; yanachukua nafasi lakini hayazai. Una kibarua mmoja wa siku moja. Ukimtuma kwenye mabichi au kwenye makavu, jioni eneo lililosafishwa ni lilelile, na atakayelipima hataona tofauti. Rudi baada ya mvua. Ukimtuma kwenye makavu, mabichi yamezaana kama kawaida. Ukimtuma kwenye mabichi, yaliyobaki kuzaa ni machache.

Deni la msingi ndilo magugu mabichi, kwa kuwa riba hupigwa juu yake. Riba na faini zilizokwisha andikwa ni lundo kavu. Tuseme mtu ana deni la msingi 1,000,000, riba ya nyuma 90,000 na faini 60,000, naye analeta 150,000. Mfumo unaoanza na faini na riba humaliza lundo na kuacha 1,000,000. Unaoanza na deni la msingi huacha 850,000 na lundo la 150,000, jumla 1,000,000 vilevile. Siku hiyo karatasi zote mbili zinasema sawa. Mwezi unaofuata, kwa asilimia 3, wa kwanza hutoza 30,000 na wa pili 25,500. Tofauti ya 4,500 kila mwezi kwa miezi kumi ni 45,000, na bado kila mtu ana risiti zake zote. Hapo inachukuliwa kwamba lundo kavu kweli halizai. Wapo wakopeshaji wanaotoza faini juu ya jumla yote iliyochelewa, na kwao hesabu inaweza kugeuka.

Sasa unaona kinachotokea usiku wa kuhama. Njia moja ni kuchukua salio la mwisho la kila mkopo na kuliandika kwenye mfumo mpya kama lilivyo. Deni halibadiliki siku hiyo, ila huanza kukua kwa kanuni nyingine. Njia ya pili ni kuingiza malipo yote tangu siku ya kwanza na kuuacha mfumo mpya upige hesabu upya. Hii ndiyo inayowashtua watu, maana miezi ya nyuma inahukumiwa kwa sheria ya leo. Inasifiwa kuwa ndiyo safi zaidi. Kwa maoni yangu ni safi kwa mhasibu tu.

Liko pia kosa la kizembe zaidi: kuchagua aina ya riba isiyo yake. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, hutoa riba ya 432,000. Asilimia 3 hiyohiyo juu ya deni linalobaki, kwa marejesho yanayolingana kila mwezi, hutoa kama 246,650. Kwenye kioo ni kubofya mara moja.

Wakopeshaji makini huendesha mifumo yote miwili sambamba kwa muda na kulinganisha mkopo kwa mkopo kabla ya kuuzima ule wa zamani. Si kazi ya kudharau: benki ya TSB ya Uingereza ilipohamisha wateja wake Aprili 2018, wengi walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Kwa Tanzania msimamizi ni Benki Kuu: mkopeshaji asiyepokea amana, yaani akiba za watu, awe kampuni au mtu binafsi, yuko chini yake, katika daraja la pili la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Wizi nao upo, na kuandika namba vibaya kupo. Namna rahisi ya kutofautisha ni kuomba taarifa ya mkopo ya siku ya mwisho ya mfumo wa zamani na ya siku ya kwanza ya mfumo mpya, zikionyesha msingi, riba na faini kila kimoja mstari wake, kisha kuzilinganisha na za mwenzako wa kikundi mliochukua mkopo wa aina moja. Kama kwake pia imepanda kwa mwelekeo uleule, kilichobadilika ni kanuni, na kanuni hujadiliwa na mkopeshaji mkiwa wote pamoja. Kama imepanda kwako peke yako, muulize afisa mikopo nani aliingiza namba zako.