Je, wajua kwa nini namba ya juu ya presha ya wazee hupanda huku ile ya chini ikishuka?

Tuseme mzee wa miaka 71 amepimwa presha kwenye kemisti moja pale Umoja, akapewa karatasi iliyoandikwa 168/72: ya juu ni presha moyo unapopiga, ya chini ni moyo unapotulia. Mjukuu anaitazama na kutoa hukumu: "Babu, hii ya chini iko sawa. Hiyo ya juu ni nyama choma."

Nyama choma husingiziwa mengi Nairobi. Mafuta hujijenga kwenye utando wa ndani wa mshipa na kuubana, na hilo ni tatizo kweli. Lakini namba mbili zilizoachana hivi kwa kawaida zinaelekeza kwingine: ukuta wenyewe wa mshipa umekakamaa. Hata mtu mwembamba asiyegusa nyama huweza kukutwa na hali hiyo.

Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hutanuka kila moyo unapopiga, kisha hujirudi na kuendelea kusukuma damu wakati moyo umetulia. Uwezo huo unatokana na nyuzi za elastini zilizopangwa tabaka kwa tabaka ukutani. Sambamba nazo kuna kolajeni, ambayo ni ngumu na kazi yake ni kuuzuia mshipa usitanuke kupita kiasi.

Karibu elastini yote tuliyo nayo ilitengenezwa tukiwa tumboni na katika miaka ya utotoni. Baada ya hapo mwili hauongezi ya maana. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na nyuzi ni zilezile. Ni kama mpira wa tyubu anaofungia mizigo mtu wa boda: ukivutwa miaka na miaka huota nyufa, ukaacha kurudi. Elastini ikikatika, mzigo huhamia kwenye kolajeni. Kalsiamu nayo hujipachika ukutani, hasa kwa wenye ugonjwa wa figo, na sukari nyingi kwenye damu huzishikamanisha nyuzi za kolajeni zisiteleze. Ndiyo maana mwenye kisukari huwahi kukakamaa mishipa.

Hapo 168/72 inaeleweka. Aota isiyotanuka hupokea pigo lote kwa kishindo, namba ya juu ikapaa. Kwa kuwa haikuhifadhi chochote cha kusukuma baadaye, ya chini inaanguka. Tofauti hapa ni 96. Kwa kijana wa 120/80 ni 40. Wimbi la pigo pia huenda mbio zaidi: likizidi mita 10 kwa sekunde, madaktari huhesabu kuwa mishipa imekakamaa. Ubongo na figo, ambazo mishipa yake midogo hupokea damu nyingi bila kizuizi kikubwa, ndizo zinazopigwa na kishindo hicho.

Na kurithi je? Yapo magonjwa ya jeni moja. Katika ugonjwa wa Marfan, jeni yenye hitilafu, iliyoko kromosomu ya 15, ni ya fibrilini, protini inayoshikilia elastini. Aota hukakamaa na pia hupanuka hadi kuweza kuchanika. Mzazi mwenye Marfan ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Katika ugonjwa wa Williams, kipande cha kromosomu ya 7 kinakosekana, na jeni ya elastini yenyewe imo humo. Lakini hayo ni nadra. Kwa wengi wetu ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, zikikutana na umri, chumvi, sigara na presha isiyotibiwa.

Kwa hiyo ile "ya chini iko sawa" ya mjukuu si ya kushangilia. Misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo umetulia, yaani wakati wa namba hiyo ya chini. Daktari akimtibu mzee wa namna hii huishusha ya juu taratibu, na humpima tena akiwa amesimama, asije akaondoka na dawa zitakazomwangusha bafuni.