Fomu 8300 na mauzo ya taslimu kati ya watu binafsi

Nchini Marekani, anayepokea zaidi ya dola 10,000 taslimu katika shughuli za biashara yake lazima aiarifu mamlaka ya kodi, IRS, kwa Fomu 8300 ndani ya siku 15. Anayejaza ni mpokeaji, kamwe si mlipaji.

Ukimuuzia jirani gari lako la kutembelea kwa dola 14,000 taslimu, hudaiwi fomu hiyo, maana hiyo si biashara yako. Lakini anayenunua magari mnadani na kuyauza kila mara kwa faida anafanya biashara, hata kama hana ofisi wala kibao mlangoni.

Kodi ni jambo jingine. Kama gari hilo ulilinunua kwa dola 22,000, umepata hasara ya 8,000: hulipi kodi, wala hasara hiyo huwezi kuikata kwenye mapato yako, kwa kuwa gari lilikuwa la matumizi binafsi. Ukiuza kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, kama inavyotokea kwa vito au magari ya kale, faida hutangazwa kwenye Fomu 8949 na Jedwali D. Tunza risiti ya ununuzi, pamoja na hati ya mauzo yenye tarehe, bei, namba ya chesisi na saini za pande zote mbili.

Watu huponzwa zaidi benki. Ukiweka zaidi ya dola 10,000 taslimu kwa siku moja, benki hutuma taarifa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha. Hiyo si tuhuma. Ila ukizigawa, 7,000 leo na 7,000 kesho, kwa nia ya kukwepa taarifa, umetenda jinai inayoweza kukupeleka jela hadi miaka 5, hata kama kila dola ni ya halali. Ziweke zote kwa mkupuo mmoja.

Kwa muuza magari mwenye duka, hundi binafsi haihesabiwi kuwa taslimu. Hundi ya benki, yaani inayotolewa na benki yenyewe, isiyozidi 10,000 inahesabiwa: hundi ya 9,000 na noti za 4,000 ni 13,000, naye ataripoti. Malipo ya awamu kwa gari lilelile hujumlishwa kwa miezi 12. Ukiwa mnunuzi, atakuomba kitambulisho na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), na kufikia 31 Januari mwaka unaofuata atakupa barua ya kukujulisha kwamba ameripoti. Barua hiyo haikudai kodi yoyote.