Je, Wajua? Kwa Nini Draiva za Kadi za GPU Hutolewa Huku Kasoro Zake Zikijulikana

Kila draiva mpya (programu inayoiwezesha mashine kutumia kifaa chake) ya kadi za GPU, zile za hesabu nzito za vituo vya data, huja na maelezo yake. Juu yameandikwa yaliyorekebishwa. Ukishuka chini unakuta mtengenezaji ameorodhesha, bila haya, yale ambayo bado ni mabovu: kwenye seva fulani itokee hivi, ukitumia kerneli fulani (kiini cha mfumo wa Linux) itokee vile, na kadi ikigawanywa vipande kwa ajili ya watumiaji kadhaa kipimo cha matumizi hakitaonyesha kitu. Sasa kama wanayajua, mbona wasiyatengeneze kwanza ndipo watoe? Na mbona mafundi wazoefu huisoma orodha hiyo yote kisha wakabaki na draiva ya mwaka juzi?

Kwa Mombasa swali hili liko mlangoni. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na kazi za seva zimekuwa riziki ya vijana wengi kuanzia Tudor hadi Nyali. Siku hizi wanaotaka kujaribu akili mnemba hutafuta hata kadi za mitumba, na wa mitumba ndiye anayeumizwa zaidi na mambo ya draiva. Tutamfikia.

Draiva yenyewe ina sehemu mbili. Moja inakaa ndani ya kerneli ya Linux, pahali ambapo kosa dogo laweza kuangusha mashine nzima. Ya pili ni maktaba ambazo programu za watumiaji huziita zikitaka kazi ifanyike kwenye kadi. Sehemu hizi lazima ziwe za toleo moja, na visa vingi vya kusasisha huanzia hapo.

Chukua seva ya Ubuntu iliyoachwa ijisasishe yenyewe. Usiku wa manane maktaba zinabadilishwa, lakini sehemu ya kerneli imeshapakiwa kwenye kumbukumbu na haibanduki. Asubuhi fundi anaandika nvidia-smi, amri ya NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizi, inayoonyesha hali ya kadi. Badala ya lile jedwali la joto na wati anapata mstari mmoja tu, kwamba toleo la draiva na la maktaba hayalingani. Kinachomvuruga zaidi ni kuona kazi aliyoianzisha jana jioni bado inakwenda vizuri, kwa kuwa ilishashika maktaba za zamani. Kazi mpya ndiyo inayokataliwa. Mgeni atasema kadi imekufa. Kadi ni nzima. Akizima mashine na kuiwasha, yamekwisha, ila hawezi kuizima mpaka ile kazi ya jana imalizike, na kazi ya kufundisha modeli yaweza kuchukua wiki.

Kerneli nayo ina visa vyake. Wanaoitengeneza Linux hawaahidi kwamba viungo vya ndani vitabaki vilivyo, kwa hiyo kila kerneli mpya inadai sehemu ile ya draiva iundwe upya. Kuna chombo kinachoitwa DKMS ambacho hufanya hivyo chenyewe. Kikishindwa, mara nyingi hutaona kitu mpaka uwashe mashine upya na kuikuta haina draiva kabisa.

Turudi kwenye orodha. Draiva moja hutumika kwenye aina nyingi za kadi, juu ya matoleo mengi ya Linux, ndani ya seva za watengenezaji tofauti, zikiwa na mashine pepe au bila. Ukivizidisha vitu hivyo, miungano inakuwa mingi kuliko maabara yoyote iwezavyo kupima. Kasoro nyingine hutokea pale tu mambo matatu au manne yanapokutana pamoja, na kuirekebisha ni kugusa msimbo ambao maelfu ya seva nyingine zinautegemea bila tatizo. Mtengenezaji anapima: nicheleweshe marekebisho ya usalama yaliyo tayari kwa ajili ya hitilafu inayowapata wachache, au nitoe na kuwatahadharisha? Hutoa. Meli zikiingia Kilindini hufanya vilevile: mwamba haung'olewi, unawekewa boya na kuchorwa kwenye ramani, na rubani wa bandari anaupita kwa sababu anajua ulipo. Hii ndiyo sababu fundi wa seva anaiogopa draiva yenye orodha fupi iliyotoka juzi kuliko ya zamani yenye orodha ndefu. Ile ya juzi huenda ni nzuri kweli. Huenda pia watu hawajaitumia vya kutosha kuyaona mabaya yake.

Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, mpya imetoka. Niiweke?"

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Umesoma kule chini?"

"Nimesoma yaliyotengenezwa."

"Hayo yote twayasoma. Soma yaliyobaki, uangalie kama seva yetu imo."

Mara nyingine orodha hutoa na njia ya kukwepa, na hapa pana kisa ninachokipenda. Kuanzia kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018, NVIDIA iliweka ndani ya GPU prosesa ndogo iitwayo GSP, ipunguzie seva kazi ya kuisimamia kadi. Sehemu ya mzigo wa draiva ikahamia ndani ya kadi yenyewe. Wazo zuri. Lakini kukawa na hali ambapo draiva hutuma ombi kwa GSP na jibu halirudi, na kwenye rekodi za matukio ya mfumo panaandikwa Xid 119, namba ya kosa hilo. Dawa iliyozoeleka ikawa kuizima GSP kwa mpangilio mmoja mdogo wa draiva na kurudi kwenye mtindo wa zamani. Kisha Mei 2022, pamoja na toleo la 515, kampuni ikatoa sehemu ya kerneli kwa msimbo wazi, na mwaka 2024, kwenye 560, ikaifanya kuwa chaguo la kawaida. Wengi tulishangilia. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo ya wazi haiwezi kufanya kazi bila GSP, na kadi za kizazi cha Blackwell hazikubali nyingine. Kwa hiyo mwenye kadi hizo mpya hana tena ile njia ya kukwepa. Ikimtokea Xid 119, anangoja toleo lenye marekebisho.

Hizo Xid ni namba ambazo draiva huandika kadi ikipatwa na jambo, na kuzijua ni nusu ya kazi. 48 ni kosa la kumbukumbu ambalo kadi imeligundua lakini haiwezi kulisahihisha yenyewe. 79 ndiyo inayokosesha watu usingizi: kadi imepotea kwenye njia yake ya mawasiliano, seva haiioni tena. Sababu yaweza kuwa kifaa chenyewe, draiva, umeme, au joto. Hilo la mwisho si la kupuuzwa katika mji ambao Februari na Machi hewa yake ni moto na nzito kwa unyevu. Kadi nyingi za vituo vya data, kama T4 na A100 ya PCIe, hazina feni zao. Zinategemea upepo wa seva. Kiyoyozi kikilegea saa nane mchana, 79 ikatokea, kijana atakimbilia kubadilisha draiva. Aangalie joto kwanza.

Tena, draiva husingiziwa mengi. Meta, kampuni ya Facebook, ilipofundisha modeli yake ya akili mnemba ya Llama 3 kwa kadi 16,384 za H100, ilieleza kwamba ndani ya siku 54 kazi ilikatika mara 419 bila kupangwa, yaani takriban kila saa tatu. Kukatika mara 148 kulitokana na GPU zenye hitilafu na mara 72 na kumbukumbu yake ya HBM3. Kasoro za programu zilikuwa 54.

Sasa tumfikie wa mitumba. NVIDIA hupanga draiva za vituo vya data kwa matawi, yaani mifululizo ya matoleo inayotajwa kwa namba. Tawi la kawaida la uzalishaji huhudumiwa kwa mwaka mmoja. La muda mrefu, miaka mitatu. La muda mrefu halipewi mambo makubwa mapya, linapewa marekebisho ya hitilafu na ya usalama tu, na ndiyo maana seva nyingi zenye kazi ya kuaminika zilikaa kwenye 535, la Juni 2023, ambalo muda wake ulipangwa hadi Juni 2026. Kukaa huko si uvivu. CUDA 12, toleo la programu za NVIDIA za kufanyia hesabu kwenye GPU, inaridhika na draiva kuanzia 525, hivyo programu nyingi hazipungukiwi na kitu. Kinachostahili kumhamisha mtu ni kadi mpya, CUDA mpya, tundu la usalama, au kasoro iliyoandikwa ambayo kweli inampata.

Ila matawi huacha kadi nyuma. K80 na wenzake wa kizazi cha Kepler waliishia kwenye 470, tawi lililofungwa mwaka 2024. Ukiuziwa K80 leo kwa bei ya kutupa, fahamu kwamba hakuna anayeshughulikia kasoro zake tena, na tundu la usalama likionekana litabaki wazi. P100 na V100 zimefika mwisho wao kwenye tawi la 580 la mwaka 2025, nayo CUDA 13 haizitambui. Mwenye V100 bado ana nafasi, kwa kuwa 580 ni la muda mrefu na litahudumiwa hadi 2028. Kabla ya kutoa pesa muulize muuzaji jina kamili la kadi, ulitafute kwenye maelezo ya tawi hilo, kisha ushuke hadi kule chini uone kama seva utakayoichomeka imetajwa.