Wajibu wa dola kwa jamii: maana yake na ulikotoka

Taasisi ya kijamii ni utaratibu wa kudumu ambao watu huutegemea kutimiza mahitaji ya maisha ya pamoja: familia, dini, shule, hospitali, mfuko wa pensheni. Wajibu wa umma ni ile sehemu ya mahitaji hayo ambayo dola imekubali kuibeba kisheria, kiasi kwamba mwananchi akikosa anaweza kudai. Kudai ndiko kiini cha dhana hii, kwa sababu huruma ilikuwepo tangu zamani.

Kwa karne nyingi mgonjwa, yatima na mzee waliangaliwa na ukoo, na ukoo ukishindwa, na watu wa dini. Huko Cairo na Damascus hospitali kubwa ziliendeshwa kwa mapato ya wakfu. Ulaya kazi hiyo ilifanywa na nyumba za watawa. Aliyepewa alishukuru, asiyepewa hakuwa na pa kushtaki.

Uingereza ilipiga hatua mwaka 1601, sheria ilipoilazimisha kila parokia kuwatoza kodi wenye mali kwa ajili ya maskini. Waangalizi wa maskini wa parokia walinunua hata sufu, kitani na chuma ili maskini wenye nguvu za kufanya kazi wapate cha kufanyia kazi. Lakini sheria ya 1834 ilikuwa kali: mwenye nguvu za kufanya kazi aliyetaka msaada alitakiwa kuhamia kwenye nyumba ya kazi, ambako mume alitengwa na mke, na watoto na wazazi wao. Isitoshe, aliyepokea msaada alinyimwa kura, na katazo hilo lilidumu hadi 1918. Kwa maoni yangu huo haukuwa wajibu uliokamilika, kwani mtu alilishwa kwa gharama ya uraia wake.

Mabadiliko makubwa yalitokea Ujerumani. Mwaka 1883 kansela wa nchi hiyo, Otto von Bismarck, akihofia wafanyakazi kuwafuata wasoshalisti, alianzisha bima ya ugonjwa: mfanyakazi alilipa theluthi mbili ya mchango, mwajiri theluthi moja. Bima ya ajali ilifuata 1884, na pensheni ya uzeeni 1889. Nia ilikuwa ya kisiasa, ndiyo, ila mgonjwa sasa alichukua stahili yake bila kumpigia mtu magoti.

Pensheni ya Uingereza ya 1908 ilikwenda mbali zaidi. Mzee wa miaka 70 mwenye kipato kidogo alipata hadi shilingi 5 kwa wiki kutoka kwenye kodi, hata kama hakuwahi kuchangia, na alizichukua posta. Jambo hili la posta lina uzito: mzee hakulazimika tena kuhojiwa na maofisa wa msaada wa maskini.

Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, kifungu cha 25, lilitaja ugonjwa, ulemavu, ujane, uzee na kukosa kazi kuwa hali ambazo kila mtu ana haki ya kulindwa anapozifikia.

Dola si lazima iendeshe kila kitu yenyewe. Hospitali inaweza kuwa ya kanisa na shule ikawa ya binafsi, mradi sheria imetaja nani analipia, kiwango gani kinatakiwa, na ofisi au mahakama ipi itasikiliza malalamiko ya aliyenyimwa.