Ugonjwa wa Hashimoto: kinga ya mwili inapoishambulia tezi ya shingo

Ugonjwa wa Hashimoto ni hali ambayo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vimelea, huigeukia tezi ya thairoidi na kuiharibu polepole. Tezi hiyo iko mbele ya shingo, nayo hutengeneza homoni za T4 na T3 zinazoongoza kasi ya mwili katika kutumia nishati. Daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912, baada ya kuchunguza tezi za wanawake 4 na kuzikuta zimejaa limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazohusika na kinga.

Kinachowachanganya wagonjwa wengi ni karatasi ya majibu ya maabara. Mtu akiona homoni iitwayo TSH imepanda hudhani tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, kumbe mara nyingi imechoka. TSH haitoki shingoni, bali hutolewa na tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ili kuihimiza thairoidi. T4 ikitosha katika damu, pituitari hupunguza himizo, ikipungua, huliongeza. Kwa hiyo thairoidi inapoanza kudhoofika, TSH hupanda kwanza, na msukumo huo huweza kuidumisha T4 katika kiwango cha kawaida hata kwa miaka. Maabara nyingi huhesabu TSH ya takribani 0.4 hadi 4.0 kuwa ya kawaida. Ikifika 12 huku T4 iko chini, tezi imeshindwa kukidhi mahitaji. Kipimo cha kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya ambacho thairoidi hukitumia kutengeneza homoni zake, ndicho husaidia kuonyesha kwamba chanzo ni kinga yenyewe.

Uchovu, kuhisi baridi, ngozi kavu na choo kigumu huja taratibu mno, na inasikitisha kwamba wanawake, ambao huugua zaidi ya wanaume, huambiwa kwa muda mrefu kuwa ni kazi nyingi tu. Wengine, wakiona rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, hukimbilia kuongeza madini joto. Hashimoto haiponi kwa njia hiyo, na madini hayo yakizidi huweza kuidhuru tezi zaidi.

Tiba ni levothairoksini, ambayo ni T4 ya kutengenezwa, inayomezwa kwa maji asubuhi kabla ya kula, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu huizuia isifyonzwe vizuri, hivyo vimezwe angalau saa 4 mbali nayo. Kwa kuwa T4 hukaa mwilini kwa muda mrefu, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye anapaswa kumwona daktari mara tu anapojua ana mimba, kwa sababu mahitaji yake ya homoni huongezeka mapema.